Gogo la Mpingo na Macho Yanayolitazama

Mpingo ni mti mbishi. Huota polepole katika misitu ya miombo, hujigawa mashina karibu na ardhi, hupinda huku na huku, na shina lake hujaa makunjo marefu kama nguo iliyokamuliwa. Mpaka ufikie unene wa kukatwa hupita miaka 70, pengine 100. Ukipasuliwa, nje huwa na tabaka jembamba jeupe lenye umanjano, na ndani kuna kiini cha zambarau iliyokolea ambacho kikisuguliwa hugeuka cheusi tititi. Kipande cha kiini hicho kikitupwa majini huzama. Wachongaji wa Kimakonde wamejenga riziki na jina lao juu ya ugumu huo, na mtu anayetaka kuelewa jinsi mkono na jicho vinavyofundishana katika sanaa hatapata darasa zuri zaidi Afrika Mashariki kuliko njia anayoipita mpingo kutoka msituni hadi kwenye rafu ya duka.

Njia hiyo huanzia kusini. Basi la Mtwara likishavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, kilomita kwa kilomita minazi huachia nafasi miombo. Wilaya ya Kilwa inajulikana zaidi kwa magofu ya Kisiwani na Songo Mnara, na sifa hiyo ni haki yake, lakini bara ya magofu hayo kuna vijiji vilivyopata jina kwa jambo jingine. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi wa misitu, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Gogo la mpingo, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likiondoka kijijini kwa bei ya kutupa, likaanza kuacha fedha ya maana katika mfuko wa kijiji.

Mti ukishaangushwa hukutana na macho ya namna mbili. La kwanza ni jicho la kiwanda. Mpingo ndio unaotengenezewa klarineti, obo na zumari za mfuko za Waskoti, kwa kuwa ni mzito, haunywi maji upesi, na hukubali kukerezwa na kutobolewa kwa kipimo cha unywele. Mtengenezaji wa klarineti nchini Ufaransa anataka kipande kilichonyooka, kisicho na ufa, fundo wala weupe. Kwa kuwa mti wenyewe haukunyooka, sehemu kubwa ya gogo hukataliwa. Jicho la pili ni la mchongaji, na mara nyingi huyu huchukua kilekile ambacho mwenzake amekiacha: tawi lililojipinda, shina lenye tundu, ubavu uliobaki na ngozi yake nyeupe. Tofauti yao haiko katika ukali wa macho. Mkaguzi wa kiwanda anaweza kugundua ufa ambao mchongaji hakuuona kabisa. Tofauti iko katika kile ambacho mkono wa kila mmoja umezoea kukifanya baada ya kuona. Ufa humfanya mmoja aweke gogo kando. Mwingine huuchukulia kuwa mstari wa kwanza wa mchoro, mahali ambapo miguu miwili itaachana au mdomo utafunuka.

Kutoka Mtwara mjini, barabara ya Newala hupanda uwanda wa juu wa Makonde katikati ya mikorosho isiyokwisha. Miezi ya mwisho wa mwaka mabibo hutapakaa chini ya miti, na harufu yake ya utamu uliochacha huingia garini hata vioo vikifungwa. Mengine hukamuliwa na kugeuzwa pombe iitwayo uraka. Mgeni wa Unguja, ambaye muhogo anaujua kwa tui la nazi, huku huletewa ming'oko: mizizi ya porini, myembamba, iliyochemshwa kwa chumvi, ambayo huliwa kwa kumenya mmoja mmoja huku mazungumzo yakiendelea. Ladha yake ni ya udongo na viazi, na mwenye haraka haimfai. Kinamama wanaoichimba huitambua kwa kijiti kikavu kilichojificha kwenye majani, alama ambayo mgeni huipita mara kumi bila kuiona, hata akishaonyeshwa. Ujuzi wa kuona huku haukuanza na wachongaji.

Newala imekaa ukingoni. Panapoitwa Shimo la Mungu ardhi hukatika ghafla, na chini yake bonde hutandaa hadi Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji, ambako kuna uwanda mwingine wa Wamakonde, ule wa Mueda. Uwanda wa Newala hauna mito, na kwa vizazi vingi maji yalifuatwa chini mabondeni na kupandishwa kichwani. Watu wa kingo zote mbili za Ruvuma wana mengi yanayofanana, lakini waliokuja kuutangaza mpingo duniani ni hasa wale waliovuka kutoka ng'ambo.

Sanaa kongwe ya huku haikuwa ya mpingo kabisa, na jambo hili huwashangaza wengi walioyajua majina ya Makonde na mpingo yakiwa yameshikana. Barakoa za jando na unyago, mapiko kwa Wamakonde wa Msumbiji na midimu kwa wa Tanzania, zilichongwa kwa miti laini na mepesi, kwa kuwa zilipaswa kuvaliwa na kuchezwa, nyingine juu ya ngongoti. Lipiko, yaani barakoa moja ya mapiko, hufunika kichwa kizima. Nywele za binadamu hubandikwa utosini, ndona, pambo la mdomo, hutokeza kwenye mdomo wa juu, na chale za mashavuni hujengwa kwa nta ya nyuki. Nta hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Chale iliyokatwa kwa patasi, yenye kina kidogo, ingepotea machoni kwa umbali wa hatua 20 katika vumbi la uwanjani. Nta iliyotuna hushika mwanga wa jua upande mmoja na kutupa kivuli upande wa pili, na uso ukitikisika, chale nazo huonekana zikitembea. Fundi aliichonga barakoa mbali na kijiji, mahali ambapo wanawake na wasiotahiriwa hawakuruhusiwa kufika. Hakuwa na nafasi ya kuijaribu kwa watazamaji wake kabla ya siku yenyewe. Ilimbidi aone mapema, akiwa amekaa peke yake kichakani, kile ambacho wengine wangekiona wakiwa wamesimama, kwa mbali, ngoma zikilia.

Kuna jambo jingine linaloonyesha jinsi mazoea yanavyoathiri kutazama. Mchezaji wa lipiko huona kupitia uwazi wa mdomo, si wa macho, hivyo uso wa barakoa hukaa juu ya uso wa mtu na kuelekea nyuma kidogo. Barakoa hiyohiyo ikisimamishwa wima ndani ya kabati la kioo, na taa moja isiyosogea, mtazamaji huiona katika mkao na utulivu ambao hakuna aliyehudhuria ngoma aliyewahi kuushuhudia. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Newala mwaka 1906, alirudi Ujerumani na shehena ya vitu vya namna hii. Kwa bahati nzuri alifanya pia jambo la busara zaidi: aliwapa baadhi ya watu aliokutana nao penseli na karatasi wachore watakavyo, na michoro yao akaiingiza katika kitabu alichokitoa mwaka 1908. Karatasi hizo, zilizochorwa na watu ambao mkono wao ulizoea jembe na mizigo, zinasema kuhusu namna ya kuona mambo ambayo masanduku ya barakoa hayakuweza kusema.

Mapiko hayajafa. Jando siku hizi hupangwa kufuata likizo za shule, na pamoja na sura za mababu huchongwa sura za watu wa leo, askari, mgeni, mtu wa mjini, kwa kejeli inayoeleweka mara moja na umati. Kejeli huhitaji ustadi zaidi kuliko heshima. Sura ya babu inaweza kuwa ya babu yeyote, lakini askari asiyetambulika hachekeshi.

Mpingo uliingia pamoja na soko. Upande wa Msumbiji, wamisionari na maofisa wa Kireno walianza kuagiza vinyago, nao walitaka kitu kizito, cheusi, kinachong'aa na kudumu. Upande wa Tanganyika, Wamakonde waliovuka Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge walichonga baada ya saa za kazi na kuuza pembezoni mwa barabara. Mauaji ya Mueda ya Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964 viliongeza wimbi la wanaovuka. Wengi walifika Dar es Salaam, na huko baadhi yao wakakutana na Mohamed Peera, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa akinunua vinyago tangu miaka ya 1950. Peera hakuchonga hata kijiko, lakini alikuwa na kipaji cha kukitambua kisicho cha kawaida na ujasiri wa kukilipia. Historia ya sanaa mara nyingi huwasahau watu wa namna yake, au huwataja kwa kuwabeza. Ni haki kusema kwamba mikono mingine isingethubutu kama jicho lile lisingekuwa na fedha mfukoni.

Leo njia ya mpingo huishia, au hupumzika, Mwenge, jijini Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Sam Nujoma. Mbele ni vibanda vya kuuzia, safu kwa safu, twiga na Wamasai wa mti wakiwa wamejipanga kwa vimo. Kazi iko nyuma, chini ya turubai, ambako vumbi la mpingo hutulia juu ya kila kitu, pamoja na wali maharage ya mama lishe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu, ila usiikanyage hiyo tupa."

Fundi amekaa chini, gogo katikati ya nyayo zake. Kabla tezo haijagusa mti, gogo huviringishwa, husimamishwa, hugeuzwa juu chini. Kidole gumba hupita juu ya ufa kujua unaelekea wapi. Mgongo wa patasi hugonga hapa na pale. Penye uzima hutoka mlio wa chuma, penye uwazi ndani sauti hufa. Akiulizwa atachonga nini, hujibu kuhusu mti, si kuhusu umbo. "Hapa pana ufa. Tunaanza na hapa." Vijana walio pembeni hawashangai. Kwao hilo ni jibu kamili.

Vijana hao wanafundishwa kwa mpangilio unaostahili kuangaliwa, kwani unakwenda kinyume na mpangilio wa kazi yenyewe. Kinyago huanza na panga au tezo, kikaja kwenye patasi na bobari, kikalainishwa kwa tupa, kikamalizwa kwa msasa na nta. Mwanafunzi huanzia mwisho. Hupewa kwanza msasa, na kwa miezi mingi kazi yake ni kusugua vinyago vya wengine. Watu wa nje huona hiyo ni kazi ya kitumwa, na kwa upande wa malipo hawakosei sana. Lakini katika kusugua, kiganja hupita juu ya kila bega, kila goti, kila mahali ambapo fundi aliamua kuishia. Kijana huijua sura iliyokamilika kwa ngozi ya mkono kabla hajapewa chombo cha kukosea nacho. Akija kushika tupa, kisha patasi, na mwisho kabisa tezo, tayari anajua kila pigo linaelekea wapi. Tezo huja mwisho kwa sababu ndiyo yenye madhara makubwa: katika uchongaji hakuna kurudisha kilichoondoka.

Ugumu huo hujionyesha zaidi katika nguzo za watu walioshikana, zinazoitwa ujamaa. Zilianza kabla ya jina hilo. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wake mwishoni mwa miaka ya 1950, na vinyago vya mwanzo viliitwa dimoongo, vikionyesha mpiganaji wa mieleka aliyeshinda akibebwa na wenzake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoufanya ujamaa kuwa neno la kila siku, watu wa nguzo wakaongezeka, wakawa ukoo mzima uliopandiana, na jina jipya likakaa. Wanunuzi huona humo siasa, au mti wa ukoo, na hawakosei. Fundi huona pia hesabu. Nguzo nzima ni gogo moja. Mkono wa mtu wa chini ndio mguu wa aliye juu yake kabla haujaamuliwa kuwa hivyo, na katika nguzo zilizochongwa wazi, zenye uwazi katikati, patasi huingia kwa vitundu ambavyo jicho haliwezi kupita. Huko ndani fundi hufanya kazi kwa sauti na kwa ncha ya kidole. Anayesifu sura za nje peke yake amesifu sehemu iliyokuwa rahisi.

Shetani ni habari nyingine. Hawa ni viumbe wa jicho moja, au mguu mmoja, au tumbo lililogeuka kichwa, waliotoka katika hadithi za majini na mizimu na kuingia kwenye mpingo. Mtindo wenyewe huhusishwa na Samaki Likankoa, mchongaji aliyetoka Msumbiji, na inasimuliwa kwa namna mbalimbali kwamba ulianza miaka ya 1950 kinyago chake cha kawaida kilipovunjika. Badala ya kukitupa alikiendeleza kama kilivyo, Peera akakipenda na kutaka vingine. Ikiwa mambo yalikwenda hivyo hasa au la, hakuna mwenye patasi anayekiona kisa hicho kuwa cha ajabu. Mpingo huvunjika bila taarifa. Fundi mwenye umbo moja tu kichwani hupata hasara. Mwenye mkono uliozoea kufuata mti hupata mguu wa shetani. Hapo ndipo sifa za ubunifu zinazomiminwa juu ya vinyago hivi zinapokosea kidogo. Husemwa kwamba mchongaji ameota, amepandwa na mzimu, ameona yasiyoonekana. Huenda. Ila kilicho wazi kabisa ni kwamba ameliona gogo, pamoja na pindo lake, tundu lake na ngozi yake nyeupe, kwa umakini ambao mchonga sanamu za kawaida hakuhitaji kuwa nao, maana huyo hulilazimisha gogo limfuate. Baadaye ukaja mtindo wa mawingu, unaohusishwa na Clements Ngala, ambamo viungo vyote vimeyeyuka na kubaki mikunjo tu. Humo mti na umbo vimekaribiana mno hata mtazamaji asiye mzoefu hudhani hakuna kilichochongwa.

Kwa mtu wa Unguja, njia hii ya kufanya kazi ni ngeni. Fundi wa milango ya Mji Mkongwe huanza na ubao bapa wa msaji au mfenesi, uliokaushwa na kurandwa. Kwa bikari na penseli huchora duara, mnyororo na yungiyungi, na patasi haigusi mbao mpaka ua zima limeonekana juu yake. Kizingiti kina mpangilio wake, mfaa una wake, na mteja anajua anachokilipia. Hii haina maana kwamba ufundi ni mdogo. Nakshi za milango hazina kina kirefu, na zilitungwa kwa ajili ya vichochoro ambako jua huingia kwa pembeni kwa muda mfupi. Fundi hodari hukata ukingo mmoja wa jani wima na mwingine kwa mteremko, ili mwanga huo mchache ufanye kazi. Mlango huohuo ukipelekwa kwenye bustani ya hoteli, jua likiwa utosini, nakshi hulala na kuwa mikwaruzo. Tofauti kubwa ni mahali uamuzi unapofanyika: kwa mlango ni kabla ya patasi, kwa shetani ni wakati wa patasi. Mafundi wa upande mmoja hawauelewi vizuri upande wa pili, na mara nyingi kila mmoja humdharau mwenzake kwa upole.

Mbele ya vibanda, mambo ya kuona huchukua sura ya biashara. Mpingo wa kweli ni ghali, na kwa muda mrefu wauzaji wachache wamekuwa wakipaka rangi nyeusi ya viatu kwenye miti mingine na kuiuza kwa jina lake. Mgeni hudanganyika kwa sababu anatazama weusi. Mnunuzi mzoefu hapotezi muda na weusi. Hukipima kinyago kwa mkono, hukigonga na kingine, hutazama chini ya kitako ambako msasa haukufika, na hutafuta mstari wa ngozi nyeupe ambao rangi ya viatu haiwezi kuuiga kwa urahisi. Wachongaji wenyewe hucheka kwamba vinyago vinavyowaaminisha watalii upesi zaidi ni vile vilivyong'aa kupita kiasi, yaani vilevile vinavyopaswa kutiliwa shaka.

Wataalamu nao hawakuwa salama. Kwa miaka mingi wengi wao huko Ulaya waliviita vinyago vya mpingo sanaa ya viwanja vya ndege, kwa kuwa vilitengenezwa viuzwe, havikuchakaa kwa ibada wala moshi, na vilikuwa vimelainishwa mno. Macho yao yalifunzwa na barakoa kuukuu za makumbusho, hivyo ulaini waliuona kuwa dalili ya uongo. Baadaye baadhi ya macho hayo yalibadilika. Mwaka 1989 maonyesho makubwa ya Paris yaliyojulikana kama Magiciens de la Terre yaliweka kazi za John Fundi, mchongaji wa shetani, pamoja na za wasanii wa kila bara. Vinyago havikuwa vimebadilika.

Mwanahistoria wa sanaa Michael Baxandall aliandika mwaka 1972 kuhusu Italia ya karne ya 15, akionyesha kwamba wafanyabiashara waliofundishwa shuleni kukadiria ujazo wa mapipa na marobota kwa macho ndio haohao waliopenda picha zenye maumbo mazito yanayoweza kukadiriwa. Wachoraji waliwapa kazi ambayo macho yao yalikuwa na uwezo wa kuifurahia. Hoja hiyo inaeleza Mwenge vizuri kuliko inavyotarajiwa. Mkulima wa Newala anayeijua ming'oko kwa kijiti kikavu, seremala, mpasua mbao, hata mama anayejua kuni zipi zitapasuka motoni, huliona gogo ndani ya kinyago. Mtu ambaye maisha yake yote amekutana na mbao zikiwa tayari ni meza na kabati huona umbo peke yake, na humsifu fundi kwa mambo ambayo fundi mwenyewe angeyaweka nafasi ya tatu.

Mkono nao unapohama kutoka kifaa kimoja hadi kingine hubeba tabia zake. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alijifunza kuchonga kabla hajawa mchoraji. Alipoingia kwenye rangi, katika Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 1972, mashetani wake walikuja naye: masikio makubwa, matumbo yaliyotokeza, vidole vichache vinene. Kwenye mpingo vidole huwa vichache kwa kuwa vyembamba huvunjika. Kwenye ubao wa rangi havivunjiki, lakini vilibaki vilevile, na viumbe wake waliendelea kupandiana na kushikana kana kwamba bado walitoka gogo moja. Mwenzake Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 kupaka rangi za mafuta juu ya vibao vya bei nafuu, hakuwa na mzigo huo. Wanyama wake ni bapa, hawana uzito, na huelea juu ya rangi tupu.

Kaskazini zaidi, Changamwe mjini Mombasa, wapo wachongaji wa Kikamba ambao ufundi wao una undugu na huu. Mwanzilishi wao, Mutisya wa Munge wa Wamunyu, alijifunza uchongaji huko Tanganyika alikokuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akaurudisha Ukambani. Wao pia walichonga mpingo na muhugu mpaka miti hiyo ikawa adimu, na tangu hapo wamegeukia mwembe, mwarobaini na jakaranda, miti inayopandwa na kukomaa upesi. Mabadiliko hayo yalionekana mara moja kwenye vinyago. Mti laini haushiki umbo jembamba, kwa hiyo miguu ya swala imenenepa. Mwarobaini una nyuzi zinazopishana, na tupa hufanya kazi iliyokuwa ya patasi. Jakaranda ni nyeupe na haina kivuli chake yenyewe, hivyo mabaka ya twiga na mistari ya punda milia, ambayo kwenye mti mweusi isingekuwa na maana, sasa hupakwa kwa brashi, na kazi hiyo imepata mafundi wake wa pekee. Vijana waliojifunzia jakaranda wakipewa kipande cha mpingo hulalamika kwamba patasi haiingii. Wazee waliojifunzia mpingo hulalamika kwamba kwenye jakaranda huingia mno, na mkono haupati pa kujizuilia.